Kabla ya Kulipa Ada ya Chuo cha Uuguzi

Mzazi wa Urambo au Sikonge anaweza kutumia mapato ya msimu mzima wa tumbaku au asali kumlipia mwanawe ada ya chuo cha uuguzi mjini Tabora. Kabla ya kulipa, hakikisha mambo matatu.

Kwanza, chuo kiwe kimesajiliwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi (NACTVET).

Pili, kozi yenyewe iwe imeidhinishwa. Chuo kilichoruhusiwa kufundisha famasi pekee hakiwezi kudahili wanafunzi wa uuguzi. Soma Mwongozo wa Udahili wa mwaka husika.

Tatu, uliza mafunzo kwa vitendo yatafanyika hospitali gani, kisha ulizia hospitalini hapo.

Kwa mujibu wa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, mhitimu hawezi kufanya kazi ya uuguzi bila kutambuliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga na kupewa leseni. Cheti cha chuo kisichotambuliwa hakitamfikisha huko, hata akisoma kwa bidii.

Lipa kupitia akaunti ya chuo, si simu ya mtu binafsi, na utunze stakabadhi.