Magitaa ya Kale na Nakala Zake

Vijana wa kwaya na wa bendi za huku kwetu, kuanzia Kihurio hata Ndungu na Maore, huuliza mara kwa mara kama gitaa la umeme lililotengenezwa juzi, likapewa jina la mwaka 1957 au 1962 na kuuzwa kwa bei inayozidi ya wenzake, ni sawa kweli na lile la mwaka huo. Swali ni la haki, maana auzaye magunia ya mpunga ili anunue chombo astahili kujua analipia nini. Na jibu langu ni kwamba uaminifu wa nakala hizi ni mkubwa pale penye kupimika kwa rula, nao hupungua kadiri tunavyokaribia mti, sumaku na waya.

Fundi Leo Fender alitoa gitaa la Stratocaster mwaka 1954 huko California, na mwaka 1965 kampuni yake ikaingia mikononi mwa shirika la utangazaji la CBS. Kwa kuwa wapigaji wengi waliona kazi ya kiwanda imeshuka baada ya hapo, magitaa yaliyotangulia yakapanda thamani, mpaka mnamo 1982 kampuni yenyewe ikanunua magitaa yake ya kale, ikayafungua na kuyapima, kisha ikatoa upya Stratocaster ya 1957 na ya 1962. Mwaka ule ule mafundi wa kiwanda cha Fujigen, Japani, wakaanza kazi hiyo kwa jina lilo hilo, kwa umakini unaosifiwa hata leo.

Hata hivyo uaminifu nao una mipaka ya hiari. Stratocaster ya asili ilikuwa na swichi ya nafasi 3, na wapigaji walikwisha gundua kwamba ukiishikiza baina ya nafasi mbili, pikapu mbili, yaani vinasa-sauti vilivyo chini ya nyuzi, hulia pamoja kwa sauti nyembamba yenye utamu wake pekee, jambo ambalo kiwanda kilikuja kulikubali mwaka 1977 kwa kuweka swichi ya nafasi 5. Nakala za 1982 zilirudisha ile ya 3, lakini ndani ya kasha ikatiwa na ya 5 kwa atakaye. Fauka ya hayo, chini ya vanishi ya nitroselulosi, ambayo hugeuka njano na kupasuka nyufa nyembamba kwa miaka, palipakwa tabaka gumu la kisasa. Kwa hiyo ngozi ya juu ni ya kale, ya chini sivyo.

Katika habari ya mti sisi tuna ujamaa na jambo hili. Ubao wa shingo, pale vidole vinapobonyeza nyuzi, katika magitaa ya Les Paul ya kiwanda cha Gibson ya mwisho wa miaka ya 1950, na katika Fender nyingi kuanzia 1959, ulitoka katika mti wa Brazili uitwao Dalbergia nigra, ndugu wa mpingo wetu, Dalbergia melanoxylon, ule uzamao majini kwa uzito. Mwaka 1992 mkataba wa CITES ulifunga biashara ya kimataifa ya mti ule wa Brazili, ingawa viwanda vingi vilikuwa vimekwisha hamia kwa ndugu mwingine wa India. Mwaka 2017 jamii yote ya Dalbergia, mpingo ukiwamo, iliwekwa chini ya vibali, na mwaka 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika vikasamehewa. Basi nakala nyingi hazina ubao wa asili kwa sababu ya sheria, wala si kwa uvivu wa fundi. Na kwa sikio langu hasara hiyo ni ndogo mno katika gitaa la umeme, kwani mkono na jicho huitambua upesi kuliko sikio. Nasikitika tu kwamba mpingo, unaovuka bahari ili uwe klarineti na obo, haujapewa nafasi yake stahiki katika shingo za magitaa.

Penye pikapu ndipo penye siri kubwa zaidi. Seth Lover wa Gibson alibuni mwaka 1955 pikapu ya koili mbili inayozima mvumo wa umeme, nayo ikaanza kufungwa katika magitaa mwaka 1957. Lakini wakati ule hesabu ya mizunguko ya waya haikushikwa sawasawa, na sumaku za alnico za namba mbalimbali zilitiwa kwa kadiri zilivyopatikana stoo, hata magitaa mawili ya mwezi mmoja yakatofautiana kama mpunga wa mbegu moja uliopandwa katika majaruba mawili, moja karibu na mfereji na jingine mbali nao. Hapo swali letu lapata hitilafu: anayesema nakala hailingani na asili, ailinganishe na asili ipi? Kiwanda cha leo huchagua gitaa moja zuri la kale na kuliiga kwa usahihi ambao wenyewe wa zamani hawakuwa nao, na kwa sababu hiyo nakala nzuri yaweza kuipita asili mbovu, na asili bora ikabaki juu ya nakala zote.

Wengi wa wanaoniuliza, kwa hakika, hawatafuti Marekani ya 1957, bali sauti ya mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, bendi iliyotuwakilisha Osaka katika maonyesho ya Expo 70. Sauti ile haimo ndani ya gitaa peke yake: imo katika amplifaya za balbu, katika nyuzi nene kuliko za leo, katika utepe wa kurekodia, na zaidi ya yote katika mkono uliojua lini upige na lini unyamaze. Mwenye fedha ya nakala ya gharama na asiye na amplifaya njema ametanguliza la mwisho.

Kwa wakazi wa nyanda hizi za chini zinazoelekea Mkomazi liko jambo jingine, ambalo halitofautishi nakala na asili. Chombo kilichokaa Dar es Salaam penye unyevu wa bahari kikiletwa huku wakati wa kiangazi, mti hunywea, ncha za freti zikachomoza ukingoni na kukwaruza kiganja, na shingo ikabadili upinde wake. Kiweke ndani ya kasha, mbali na joto la bati, ukipe majuma kadhaa ya kuzoea, ndipo ukipeleke kwa fundi akaze au alegeze kidogo kidogo ule ufito wa chuma uliomo shingoni, kisha apige tupa ncha za freti.