Haidrojeni: Utafiti wa Pesa za Umma Hupimwaje?

Septemba 2023, Kenya ilizindua mkakati wa haidrojeni isiyochafua mazingira, lengo mojawapo likiwa kutengeneza mbolea humu nchini. Haidrojeni hiyo hutolewa kwenye maji: mtambo uitwao elektrolaiza hupitisha umeme majini na kutenganisha haidrojeni na oksijeni.

Mitambo hii bado ni ghali, na mataifa kadhaa hutumia pesa za walipa ushuru kuiboresha. Mwananchi atajuaje kama pesa hizo zinazaa matunda?

Nchini Marekani, Wizara ya Nishati iliweka shabaha mwaka 2021: kilo 1 ya haidrojeni safi igharimu dola 1 katika muda wa miaka 10. Watafiti waliofadhiliwa na wizara hiyo walieleza kazi yao hadharani mbele ya wataalamu huru, ambao waliwapa alama.

Mambo matatu ndiyo hutazamwa sana:

1. Umeme: Kilo 1 huhitaji takriban yuniti 50 hadi 55, kama zile tunazonunua kwa tokeni. Kinadharia, takriban 39 zingetosha.
2. Uimara: Mtambo hufanya kazi saa ngapi kabla ya kuchakaa?
3. Gharama: Baadhi ya mitambo hutumia iridiamu, madini adimu na ghali. Je, kiasi kinachotumika kinapungua?

Mkazi, mradi wowote wa umma unaweza kupimwa hivyo. Katika vikao vya ushirikishwaji wa umma, uliza: shabaha ilikuwa ipi, tumefika wapi, na nani huru amethibitisha?