Je, Wajua? California Haidai Ushahidi

Je, wajua kwamba huko California si lazima uwe na ushahidi ndipo uripoti kuwa mzee anateswa? Shaka yenye msingi inatosha. Mhudumu anayemwogesha bibi wa miaka 80 akakuta alama za vidole mkononi, na maelezo ya wenye nyumba hayaingii akilini, tayari ana wajibu wa kusema. Uchunguzi wataufanya wengine.

Mzee, kwa sheria ya California, ni mkazi wa jimbo mwenye miaka 65 au zaidi. Mwenye miaka 18 hadi 64 naye hulindwa ikiwa hali ya mwili au akili inamzuia kujifanyia shughuli za kawaida au kutetea haki zake.

Nani analazimika kuripoti? Daktari, muuguzi, polisi, kiongozi wa dini (isipokuwa kwa aliyoyasikia katika maungamo ya siri). Lakini Waafrika Mashariki wengi walioko Marekani wanapata riziki kwa kutunza wazee, kwa hiyo hili liwafikie: yeyote aliyechukua jukumu la kumtunza mzee, la muda wote au la mara kwa mara, awe analipwa au halipwi, yumo.

Je, wajua kumwambia bosi hakutoshi? Wajibu ni wako binafsi, na msimamizi haruhusiwi kukuzuia wala kukuadhibu. Waliogundua jambo lile lile wanaweza kukubaliana mmoja wao aripoti. Ukijua mwenzako hakupiga simu, piga wewe.

Kuna mateso yasiyoacha alama. Simu inalia, rafiki wa kanisani anamuulizia bibi, anajibiwa "hayupo", na bibi mwenyewe ameketi pale pale sebuleni akitamani kuzungumza naye. Kudanganya hivyo kwa makusudi ili mzee asikutane na watu wake ni unyanyasaji kisheria, sawa na kumzuilia barua zake. Kwangu mimi hiki ndicho kifungu chenye utu kuliko vyote, kwa sababu mzee aliyetengwa hana wa kumweleza mengine anayotendewa.

Tangu 2007 hata karani wa benki analazimika kuripoti. Mteja mzee anakuja na "mpwa" mgeni anayemjibia kila swali, na akiba ya miaka inaanza kutoka kwa mafungu: karani anyamaze? Akinyamaza, benki inaweza kutozwa hadi dola 1,000, au dola 5,000 ikiwa ni kwa kukusudia.

Simu hupigwa mara moja, kisha ripoti ya maandishi hufuata ndani ya siku 2 za kazi. Katika makao ya wazee yanayopata fedha za serikali kuu, sheria ya 2010 inakaza zaidi: mzee akijeruhiwa vibaya na uhalifu ukishukiwa, polisi waarifiwe ndani ya saa 2; pasipo jeraha kubwa, ndani ya saa 24.

Mtu aliye na wajibu huu akinyamaza California, anaweza kufungwa hadi miezi 6, kutozwa hadi dola 1,000, au vyote viwili. Akinyamaza kwa makusudi na mzee akafa au akaumia vibaya, kifungo hufika mwaka 1 na faini dola 5,000. Anayeripoti jina lake hubaki siri, na hashtakiwi kwa ripoti hiyo.

Na ukihamia Texas? Huko wajibu ni wa kila mtu, jirani pia.