Pikipiki ya umeme: kufuli peke yake halitoshi

KAMPALA – Siku za mwizi ni arobaini, walisema wahenga. Lakini mkopo wa pikipiki hausubiri siku arobaini. Chombo kikiibwa leo, marejesho ya wiki hii yanadaiwa vilevile.

Mfanyabiashara anayefuata mzigo Kikuubo siku hizi hupishana na pikipiki za umeme za kampuni kama Zembo, Gogo na Spiro. Wapo wanaofikiria kununua ya kwao, kwa kuwa haihitaji petroli. Kabla ya kulipa, fikiria ulinzi. Ya petroli ikiwashwa, steji nzima husikia. Ya umeme huondoka kimya.

Anza na kufuli. Kufuli la usukani huvunjwa kwa nguvu za mikono. Kufuli la diski ya breki huzuia gurudumu lisizunguke, lakini wanaume wawili wanaweza kuinyanyua pikipiki na kuipakia kwenye pikapu. Kinachosaidia zaidi ni mnyororo mnene uliofungwa kwenye kitu kisichong'oka: nguzo ya chuma, au pete iliyozikwa kwenye zege.

Mnyororo wa milimita 10 hukatwa kwa mkasi mkubwa wa chuma. Tafuta wa milimita 13 au zaidi, wa chuma kilichokomazwa. Dukani omba tupa na ujaribu: ikikwaruza chuma kwa urahisi, hicho ni chuma laini, hata kama kimepakwa rangi ya kung'aa. Ikiteleza bila kuacha alama, chuma ni kigumu. Na kufuli liwe na ubora sawa na mnyororo, maana mwizi hukata palipo dhaifu.

Pitisha mnyororo kwenye gurudumu la nyuma pamoja na fremu. La mbele hufunguliwa upesi, na katika baadhi ya pikipiki za umeme mota imo ndani ya gurudumu la nyuma. Usiuache mnyororo ukilala chini, kwa sababu ardhi humpa mwizi mahali pa kuegemeza mkasi. Mashine ya kukatia chuma hushinda kila kufuli, lakini hupiga kelele na kutoa cheche. Kwa hiyo egesha penye taa, askari au watu.

Halafu betri. Katika mpango wa kubadilishana betri vituoni, betri si mali yako, ni ya kampuni. Soma mkataba: ikiibwa, nani analipa? Uliza pia kama kampuni inaweza kuifuatilia na kuizima kutoka mbali. Kama betri ni yako na inachomoka, lala nayo ndani.

Usitegemee bima ya lazima. Bima ya mtu wa tatu hulipa madhara uliyomfanyia mwingine, hailipi chombo chako kilichoibwa. Wizi unahitaji bima kubwa.

Mwisho ni mpaka. Kutoka Kampala hadi Busia ni takriban kilomita 200, safari ya saa chache. EAPCCO, umoja wa wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki ulioanzishwa Kampala mwaka 1998, hushirikiana na Interpol kusaka vyombo vya wizi vinavyovushwa. Lakini polisi hawawezi kusaka kitu kisicho na namba. Piga picha ya namba ya chesisi, namba ya mota na kadi ya usajili, uzihifadhi kwenye simu na nyumbani. Ukiibiwa, piga ripoti polisi saa hiyohiyo na uijulishe kampuni.

Nawe ukiuziwa pikipiki ya bei ya kutupa Malaba, Mutukula au Elegu, linganisha namba ya kwenye chuma na ya kwenye kadi. Ikiwa imekwanguliwa, au muuzaji anasema kadi inafuata kesho, acha. Mwenyewe akijitokeza na karatasi zake, utapoteza pikipiki na fedha zako, na huenda ukaeleza mahabusu ulivyoipata. Mwizi huiba kwa sababu anajua yupo mnunuzi.