Muktadha na Uzi: Skripti Kadhaa Katika Programu Moja

Katika mji wa Nyeri, neno "ndege" likitamkwa kwa Kiswahili, msikilizaji aweza kudhani kiumbe mwenye mabawa au chombo cha angani. Likitamkwa kwa Kigikuyu, ni chombo tu. Kiumbe huitwa "nyoni". Kinywa ni kimoja, na lugha mbili haziwezi kutamkwa kwa mara moja, lakini kila lugha ina msamiati wake. Hali ya namna hiyo hupatikana katika tarakilishi (au kompyuta, kwa wasiolipenda jina hilo), programu moja inapoendesha skripti kadhaa za lugha ya JavaScript.

Programu hutekeleza amri moja baada ya nyingine, na mfululizo huo huitwa uzi. Katika V8, mtambo wa Google uliotolewa mwaka 2008 pamoja na kivinjari Chrome, uzi mmoja waweza kuingia katika muktadha fulani, ukatoka, ukaingia katika mwingine. Kila muktadha una majina yake ya jumla. Hata majina ya asili ya lugha hurudufiwa: orodha iliyoundwa katika muktadha mmoja, ikiulizwa katika wa pili kama ni zao la Array ya huko, hukanwa, ingawa ni orodha kamili. Mwaka 2009 toleo la tano la kanuni za lugha hiyo lilileta Array.isArray, swali lisilojali orodha imezaliwa wapi.

Wapo wapendao kusema "mazingira" badala ya "muktadha". Neno hilo halifai. Mazingira humzunguka mtu. Muktadha huamua maana ya neno, na kilichotengwa hapa ni maana, si wakati wala kumbukumbu. Skripti ikizunguka bila kikomo katika muktadha mmoja, mingine yote hukwama, maana uzi ni ule ule. Node.js ina moduli iitwayo vm ya kuundia miktadha, na maelezo yake yenyewe yaonya kuwa hiyo si kinga dhidi ya skripti isiyoaminika. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, hapo Nyeri, akiambiwa tu kwamba skripti "zimetengwa", aweza kumfungulia mgeni mlango. Atakaye kinga zaidi ya hiyo hana budi kuiendesha skripti ya mgeni katika mchakato wa pekee, wenye kumbukumbu yake na uzi wake.