Mnunuzi wa mpunga asiamini rangi ya jani peke yake

Mfanyabiashara anayempa mkulima fedha kabla ya mavuno ananunua kitu ambacho bado hakipo. Mpunga ungali majani, masuke hayajatoka, lakini idadi ya magunia na bei vimekwishakubaliwa. Majani yakigeuka njano kabla ya kuchanua, magunia yaliyoahidiwa huweza kuishia kuwa mapepe.

Ivuna, wilayani Momba, kusini mwa Ziwa Rukwa, ina historia ndefu ya biashara. Watafiti wa mambo ya kale waliochimba huko katika miaka ya 1960 walikuta mabaki ya kazi ya kutengeneza chumvi iliyoendelea kwa karne nyingi. Chumvi haiugui. Mpunga huugua, na anayeweka mtaji wake katika majaruba ya bonde la Rukwa hana budi kujua ugonjwa unatambuliwaje.

Ugonjwa unaotisha zaidi ni kimyanga. Huletwa na virusi vilivyogunduliwa mwaka 1966 karibu na Kisumu, Kenya, na hadi sasa vinajulikana Afrika tu, pamoja na Madagaska. Majani huwa na mabaka ya njano, mmea hudumaa na masuke hayajai. Shamba likiambukizwa changa, hasara huweza kuwa ya mavuno yote.

Tatizo ni kwamba njano ina sababu nyingi. Mpunga uliokosa mbolea ya naitrojeni huwa njano, na uliokosa maji pia. Wa kwanza huponywa kwa mfuko wa yurea. Wenye kimyanga hauna dawa, na anayeuza dawa ya kuponya virusi hivyo anauza maneno. Kwa macho, hata mzoefu huweza kukosea. Hapo ndipo mbinu mpya zinapoingia.

Ya kwanza ni picha za setilaiti. Jani zima hunyonya mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi mwanga mwingine usioonekana kwa macho. Jani likidhoofika, uwiano huo hubadilika. Setilaiti za Sentinel-2 za Ulaya, ya kwanza ikiwa imerushwa mwaka 2015, hupiga picha ambazo kila nukta ni mita 10 kwa 10, na picha hizo hutolewa bure. Lakini mawingu ya masika huziziba, na hata zikiwa safi hazisemi ugonjwa ni upi. Zinaonyesha tu ni kona ipi ya bonde ya kukaguliwa kwanza.

Ya pili ni kipimo cha ELISA. Jani husagwa, maji yake hutiwa katika sahani yenye vishimo 96 vilivyopakwa kingamwili inayovikamata virusi hivyo. Virusi vikiwapo, rangi hubadilika. Sampuli nyingi hupimwa kwa mara moja, ndiyo maana gharama kwa kila jani hushuka.

Ya tatu ni PCR, mbinu iliyompatia Kary Mullis Tuzo ya Nobel mwaka 1993. Kipande cha chembe ya urithi hunakiliwa mara mbili kila mzunguko; baada ya mizunguko 30, nakala moja huwa zaidi ya bilioni moja. Hivyo huweza kunasa virusi vichache ambavyo havijaonyesha dalili. Kwa kimyanga, kazi huanza kwa kugeuza RNA ya virusi kuwa DNA.

Ya nne ni kusoma chembe za urithi zenyewe. Zamani ilihitaji maabara kubwa. Miaka michache iliyopita watafiti wa mihogo walibeba hadi mashambani Tanzania, Kenya na Uganda kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye kompyuta, wakapata majibu huko huko bila kupeleka sampuli ng'ambo.

Usomaji wa aina hii umeonyesha kwamba Afrika Mashariki ndiko virusi vya kimyanga vina namna nyingi zaidi. Kwa mfanyabiashara, maana yake ni moja: mbegu iliyosifiwa kwa kuhimili ugonjwa Afrika Magharibi haina uhakika wa kufanya hivyo hapa mpaka ijaribiwe hapa. Jeni moja ya kinga, iliyopatikana katika mpunga wa Msumbiji uitwao Gigante, ilielezwa na watafiti mwaka 2006, na sasa wazalishaji wa mbegu huweza kuitafuta kwa kupima kipande cha jani badala ya kungoja mche uugue.

Wapo watakaosema kipimo ni gharama. Ni kweli, na kwa ekari moja huenda hakilipi. Lakini aliyetoa fedha kwa wakulima 30 wa bonde moja hana mikopo 30 inayotofautiana. Kimyanga huenezwa na wadudu, mikono, zana na mifugo ipitayo kutoka jaruba hadi jaruba. Shamba moja likiugua, majirani nao wamo hatarini.

Kwa hiyo mnunuzi makini hugawa fedha zake kwa awamu. Sehemu ndogo hutolewa wakati wa kupandikiza. Kubwa husubiri shamba likaguliwe, na majani yenye shaka yapelekwe kwa wataalamu wa utafiti wa kilimo, kama walioko Uyole, Mbeya. Mkulima naye hufaidika: akithibitisha kuwa njano yake ni ya mbolea tu, hana sababu ya kukubali bei ya kutupa.