Leo mimi ni nyuki, usinicheke!

Msomaji wangu, leo niache niwe nyuki wa kike kule Tabora, ndani ya mzinga wa gogo uliotundikwa mtini. Humu ni giza totoro, joto karibu nyuzi 35, maelfu ya mabinti tumebanana kuliko daladala ya jioni. Madume wapo, lakini kazi hawagusi, wanakula tu!

Macho hayasaidii humu. Mwenzangu karudi ananukia maua, anakata kiuno, nami namfuata kwa vipapasio vya kichwani, ambavyo ndiyo pua yangu. Anavyoelekea ananipa upande wa maua kulingana na jua. Akikata kwa muda mrefu, ujue ni mbali. Karl von Frisch aliyeifumbua lugha hiyo alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1973. Si mchezo!

Nje, nyekundu yenu mimi naiona kama nyeusi. Lakini kwenye maua naona michoro ambayo nyinyi hamuioni, inanielekeza kwenye utamu. Nikikanyaga tu, nimeshaonja, maana miguu yangu inaonja.

Ukinibughudhi nakuchoma, halafu nakufa. Harufu ninayoacha, kama ya ndizi mbivu, inawaita wenzangu. Toka mbio!

Tatizo ni dawa za wadudu. Nyingine siwezi kuzionja kabisa, nazinywa nikidhani chakula. Nami msimu wa kazi naishi wiki sita hivi, asali yangu yote haijazi hata kijiko cha chai. Basi ndugu yangu, kama lazima upulize shamba, ngoja jioni nikiwa nimerudi nyumbani.